Kijiko, mpira, kioo na mpingo: tuwafundishe watoto sifa za maada bila kuwakaririsha

#1 Kalamu_Kavu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye. Ni kwa walimu wa madarasa ya chini, wazazi wanaokaa na madaftari ya watoto jioni, na yeyote anayependa sayansi ya vitu vilivyomo kwenye droo na kabati tu, bila maabara.

Mada ya sifa za maada na makundi yake ni miongoni mwa za kwanza kabisa mtoto kukutana nazo kwenye sayansi, na ndiyo tunayoiharibu kirahisi zaidi. Tunamwandikia ubaoni: metali ni ngumu, zinang'aa, zinapitisha joto na umeme, zinavutwa na sumaku. Mbao zinaelea. Kioo kinapitisha mwanga. Anakariri, anawekewa vema zote, na pale ubaoni uongo upo zaidi ya mmoja.

Ninachosema ni hiki: kila kundi lianzie kwenye jaribio ambalo mtoto analifanya kwa mkono wake, na vile vitu vinavyogoma kuingia kwenye kundi ndivyo vipewe muda mwingi kuliko vyote. Tunafanya kinyume. Tunachagua mifano mitiifu, vile vigomvi tunavificha kabatini.

Kabla ya yote, mtoto atenganishe kitu na maada iliyokitengeneza. Kijiko ni kitu. Chuma, plastiki na mbao ni maada. Weka mezani kijiko cha chuma, cha plastiki na cha mbao, changanya na rula ya plastiki, msumari na penseli, kisha mwambie apange. Mtoto wa miaka sita ataviweka vijiko vyote pamoja. Usimsahihishe, kwa sababu amepanga kwa kazi ya kitu na ni upangaji halali kabisa. Mwambie tu apange upya kana kwamba hajui kila kimoja kinatumika kufanyia nini. Hapo atanyamaza, ataanza kugonga, kukuna, kunusa, kupima uzito mkononi. Sasa somo limeanza, na lisipoisha kipindi hicho acha liende la kesho.

Kisha kigezo. "Kizuri" si kigezo. "Kizito" ni kigezo kibovu, maana kizito kuliko nini? Kigezo kinachofaa ni swali ambalo watoto wawili wakilijibu kila mmoja kivyake wanapata jibu lile lile. Sumaku inakivuta? Tone la maji likiwekwa juu yake linanywewa au linabaki limejikunja? Ukikiweka juu ya maandishi, unayasoma?

Tuanze na sumaku, maana hapo ndipo ule uongo wa ubaoni unapoumbuka mapema. Kusanya msumari, waya wa shaba, ufunguo, kopo la soda, kopo gumu la vyakula vya kuhifadhiwa, pete ya fedha, vijiko viwili vitatu vya chuma kisichoshika kutu. Kabla sumaku haijatoka mfukoni, kila mtoto aseme anachotarajia, na kiandikwe. Wengi watasema vyote vitavutwa kwa kuwa vyote ni metali. Shaba inakataa. Fedha inakataa. Kopo la soda, ambalo mara nyingi ni alumini, linakataa, lile kopo gumu linakubali. Na hapa tuwe makini: kopo hilo tunaliita la bati, ila bati lenyewe halivutwi. Kinachovutwa ni chuma kilicho chini ya utando mwembamba wa bati. Kwenye viwanda vya kuchakata taka, sumaku kubwa hutumika kutoa makopo ya chuma na kuyaacha ya alumini yaendelee na safari.

Ukitoa baadhi ya madini adimu, metali zinazovutwa waziwazi na sumaku katika joto la kawaida ni tatu: chuma, nikeli na kobalti. Basi.

Utamu uko kwenye vijiko. Vijiko viwili vinavyofanana, vyote vinang'aa, kimoja kinanasa kwenye sumaku na kingine kinateleza kama plastiki. Aina nyingi za chuma kisichoshika kutu zimechanganywa kromu na nikeli, na nikeli ikiwa ya kutosha atomi za chuma hujipanga kwa mtindo mwingine usiovutwa na sumaku. Yaani chuma kinavutwa, nikeli inavutwa, ukivichanganya kwa kiasi fulani pamoja na kromu unapata kitu kisichovutwa. Mtoto wa darasa la pili hahitaji habari za atomi. Anahitaji kuviona vile vijiko viwili na kubaki na swali.

La mwisho kwa leo ni joto. Mwambie mtoto ashike mguu wa meza wa chuma, kisha uso wa meza wa mbao. Atakuambia chuma ni baridi zaidi. Lakini vyote vimelala chumba kimoja, joto lao ni moja. Mwenye kipimajoto na apime. Kinachotofautiana ni kasi ya kuunyang'anya mkono joto lake. Sasa chukua vipande viwili vya barafu vinavyolingana. Kimoja kitakaa juu ya sufuria ya alumini iliyopinduliwa, kingine juu ya ubao wa kukatia. Uliza kwanza kipi kitayeyuka mapema. Karibu wote watachagua cha kwenye ubao, kwa kuwa sufuria "ni ya baridi". Weka. Barafu ya kwenye alumini inaanza kuteleza yenyewe karibu papo hapo, maji yanaizunguka, kingo zake zinalika huku mnaangalia. Ya kwenye ubao imekaa tu, utadhani haina habari kuna mashindano.

Kwa vipimo, shaba hupitisha joto karibu mara 400 ya kioo cha kawaida, na kioo hicho nacho kinaizidi mbao mara kadhaa. Hewa iliyotulia iko chini ya zote hizo.

Karibuni tujadili. Wabishi pia mnaruhusiwa.

#2 Mzee_wa_Mbao

Mkuu, nimevuta kiti. Hilo la "mbao zinaelea" limeniuma mimi mtu wa mbao.

Kipande cha mpingo mkavu kitupe kwenye ndoo uone, kinakwenda chini kama jiwe. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Ya mpingo ina gramu 1.2 hivi, wakati ya mbao ya balsa haifiki hata gramu 0.2. Zote mbao, zote kutoka kwenye mti. Na kwa upande wa mawe, lipo jiwe la volkano lililojaa vitundu kama sponji, hilo linaelea kabisa mpaka maji yaanze kuingia vitunduni. Ukiviweka viwili hivyo kwenye beseni moja, mbao iliyozama na jiwe linaloelea, huhitaji kupiga kelele darasani siku hiyo.

#3 Sina_Haraka

Mleta uzi, umeruhusu wabishi, basi nimefika.

Mnawachanganya watoto. Mtoto wa miaka saba anahitaji kanuni nyepesi ya kushika. Metali zinapitisha umeme, mbao zinaelea, kioo kinaonyesha. Akishazishika, huko mbele ataambiwa kuna zisizofuata. Hata hesabu tunafundisha hivyo: kwanza huwezi kutoa tano kwenye tatu, baadaye anaambiwa kumbe inawezekana. Mkianza na mpingo na vijiko vya ajabu, mtoto anaondoka hajui chochote zaidi ya kwamba sayansi ina visa vingi.

#4 Kalamu_Kavu

Sina_Haraka, karibu sana, na hoja yako ina uzito.

Tofauti yangu na wewe ni ndogo kuliko inavyoonekana. Sikatai kanuni nyepesi, nakataa kanuni nyepesi ya uongo wakati ya kweli ipo na ni nyepesi vile vile. "Metali zote zinavutwa na sumaku" na "vitu vya chuma vingi vinavutwa na sumaku" zina urefu mmoja. Kwa nini nimpe ya kwanza? Na wala sisemi tuanze na mpingo. Mtoto apime kwanza mbao kadhaa za kawaida, aone zinaelea, aandike "mbao tulizojaribu zimeelea". Hilo neno "tulizojaribu" libebe somo lote. Mpingo uje wiki inayofuata.

Tena kuhusu kuelea, Mzee_wa_Mbao amenisukuma mahali pazuri. Chukua plastisini, fanya donge, litazama. Donge lile lile litandaze, likunje kingo kama mtumbwi, linaelea. Maada haikubadilika hata chembe. Kwa hiyo kuelea, tunavyokupima darasani, mara nyingi ni sifa ya kitu pamoja na umbo lake. Tukitaka kuelea kutuambie habari za maada, tujaribu vipande vilivyojaa, visivyo na nafasi ya hewa ndani. Chuma kina gramu karibu 7.9 kwa sentimita ya ujazo, alumini 2.7, barafu 0.92. Zebaki ina 13.6, na juu ya zebaki hata msumari wa chuma unaelea. Zebaki yenyewe iacheni huko huko, mvuke wake ni sumu, onyesheni picha au video tu.

#5 Mama_Mapacha

Mwalimu, asante kwa uzi. Hapa kwangu kuna kesi. Mapacha wangu wamepewa kazi ya kupanga vitu katika yabisi, kimiminika na gesi. Mmoja kaweka mchanga na sukari kwenye kimiminika kwa sababu "vinamiminika". Mwenzake anamcheka. Nami nikabaki kimya, maana ukiumimina mchanga kwenye kikombe kweli unajaza umbo la kikombe. Na dawa ya meno iko wapi? Na sponji, mbona linabonyea na linaambiwa ni yabisi?

#6 Mkemia_Mstaafu

Mama Mapacha, yule anayechekwa ametumia kigezo na amekifuata sawasawa, mpongeze. Tatizo ni kigezo chenyewe.

Mimina mchanga juu ya sahani, utapata kilima. Mimina maji, yatajilaza yenyewe mpaka uso uwe tambarare. Hilo ndilo swali la kumwuliza: kikiachwa peke yake, kinajilaza? Halafu mpe lenzi, achukue punje moja ya sukari aitazame. Ina pembe, ina kingo, haibadiliki umbo ukiihamisha kutoka kwenye kijiko kwenda kwenye kiganja. Kila punje ni yabisi. Zikiwa nyingi pamoja zinabingirika na kupishana, na hewa ikiwa katikati yake. Mimina maji polepole kwenye kikombe kilichojaa mchanga mkavu, utashangaa yanavyoingia bila mchanga kupanda. Yanajaza nafasi zilizokuwa na hewa.

Sponji ni hesabu hiyo hiyo. Kinachobonyea hasa ni vyumba vya hewa. Kuta zake ni yabisi.

Dawa ya meno ni kesi halali ya mgogoro. Ni chembe za yabisi zilizochanganywa ndani ya kimiminika. Juu ya mswaki inasimama kama yabisi, ukikamua inatiririka. Mwache kila pacha aiweke anapotaka mradi aseme sababu. Wataalamu wa vitu vinavyotiririka wamejenga taaluma nzima juu ya vitu vya namna hiyo.

Nyongeza moja, kuhusu joto. Kalamu_Kavu amegusa hewa kisha akapita haraka. Watoto wengi, na wakubwa pia, wanaamini blanketi lina joto lake. Funga kipande cha barafu kwa kitambaa kizito cha sufu, kingine kiache wazi, uliza kipi kitaisha kwanza. Watakuambia cha kwenye sufu. Ndicho kitakachobaki. Sufu imenasa hewa, na hewa iliyonaswa inazuia joto la chumba lisiifikie barafu, kama inavyozuia joto la mwili lisitoke nje.

#7 Fundi_Saketi

Naongezea umeme, maana naona mmeukwepa.

Chombo cha kupimia ni rahisi: betri mbili za volti 1.5, kitaa chekundu cha LED, rezista ya omu 100 ya kukilinda, na waya zenye ncha mbili zilizo wazi. Mguu mrefu wa kitaa uelekee upande chanya, la sivyo mtakaa hapo mnalaumu msumari. Kitu kinachojaribiwa kinawekwa katikati ya zile ncha.

Vigomvi vya umeme ni vitatu ninavyovipenda. Cha kwanza ni penseli iliyochongwa pande zote mbili. Ile nyeusi ya katikati ni grafiti iliyochanganywa na udongo, si metali hata kidogo, lakini kitaa kinawaka. Cha pili ni waya wa shaba wa kusukia mota, ambao mtoto anaapa ni shaba tupu, kumbe una vanishi. Kwangua ncha kwa msasa ndipo uwake. Cha tatu ni kopo la soda: nje rangi, ndani utando mwembamba wa plastiki, linakataa kabisa mpaka ulisugue. Hapo unamwonyesha kwamba unachokigusa ni uso wa kitu, na uso unaweza kuwa maada nyingine.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Umeme wa ukutani usihusike kwa namna yoyote, hata kwa mfano. Betri bapa za saa na sumaku ndogo zenye nguvu zihesabiwe kabla ya somo na baada ya somo. Betri bapa ikikwama kooni inaunguza tishu ndani ya saa mbili. Sumaku mbili zikimezwa zinavutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo na kuutoboa. Kwa watoto wadogo tumieni sumaku kubwa isiyoingia mdomoni.

#8 Sina_Haraka

Fundi, hapo kwenye usalama nimekuelewa.

Haya, nirudi kwa mleta uzi. Kigezo chako cha ndiyo na hapana nimekikubali kwa sumaku na umeme. Ugumu je? "Kigumu" ni neno la kwanza kwenye kila kitabu cha watoto. Kioo ni kigumu au si kigumu? Kikidondoka kinavunjika. Mpira ukidondoka haufanywi chochote. Kwa hiyo mpira ni mgumu kuliko kioo?

#9 Mkemia_Mstaafu

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu mpaka sasa. Naomba nilichukue mimi.

Sina_Haraka, ndani ya "kigumu" umekusanya maswali matatu. Kinachorika? Kinapinda? Kinavunjika? Ukiyatenganisha, kila moja linajibika.

Kuchorika kulipatiwa utaratibu na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Alipanga madini kumi, kila moja likiweza kulichora lililo chini yake: talki ni 1, almasi ni 10. Ukucha uko karibu na 2.5, kioo cha dirisha karibu na 5.5, kwatzi ni 7. Mtoto hana haja ya namba hizo zote. Anachukua kipande cha chaki, kipande cha plastiki, msumari na kokoto, anajaribu kuchora kimoja kwa kingine, kisha anavipanga foleni. Mchanga mwingi ni kwatzi, ndiyo maana ukifuta kioo chenye vumbi la mchanga kwa kitambaa kikavu kinabaki na mikwaruzo.

Kwa kipimo hicho kioo ni kigumu sana. Kinavunjika kwa sababu hakipindi: nguvu inayokipiga haina pa kwenda isipokuwa kufungua ufa. Mpira unachorika kwa ukucha, lakini unapinda, unameza ile nguvu, unarudi. Kwa hiyo kioo kinauzidi mpira kwa ugumu, na mpira unakizidi kioo kwa kustahimili kishindo. Hakuna mgongano hapo.

Na mpira wenyewe una historia. Mpira mbichi ulikuwa unanata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, mpaka Mmarekani Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa unatulia. Aliupatia hataza mwaka 1844. Hata hivyo, baridi haikuacha kuusumbua. Januari 28, 1986 chombo cha anga cha Challenger kilisambaratika muda mfupi baada ya kuruka, wanaanga saba wakafa. Asubuhi ile ilikuwa na baridi kali. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwemo kwenye tume ya uchunguzi, alichukua kipande cha mpira wa aina iliyoziba viungio vya roketi, akakibana kwa kibanio kidogo, akakitumbukiza kwenye gilasi ya maji ya barafu mbele ya kamera. Alipokitoa na kukifungua, mpira haukurudi upesi kwenye umbo lake. Jaribio la gilasi moja, na nchi nzima ikaelewa.

Kwa watoto: mpira wa kufungia, mmoja umekaa mezani, mwingine umetoka kwenye friji la kugandisha. Vuta yote miwili mfululizo uhisi tofauti. Sifa ya maada ina masharti yake, na joto ni sharti mojawapo.

#10 Mama_Mapacha

Mkemia, hiyo ya Feynman nimewasomea, wamekwenda kuchukua barafu.

Halafu wamegundua jambo lingine bila kufundishwa. Karatasi imedondokewa mafuta, sasa pale penye doa maandishi ya chini yanaonekana. Mmoja anasema karatasi imekuwa nyembamba. Nimjibuje?

#11 Kalamu_Kavu

Mwambie apime kwa vidole, unene haujapungua. Karatasi ni nyuzi nyingi za mmea zilizolaliana ovyo, katikati yake hewa. Mwanga ukiingia unakutana na unyuzi, hewa, unyuzi, hewa, na kila mpaka unaupindisha kidogo na kuurudisha mwingine. Ndiyo sababu karatasi inaonekana nyeupe na huoni ng'ambo. Mafuta yanajaza zile nafasi za hewa, na yanaupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na cha nyuzi, kwa hiyo mwanga unapita bila kusumbuliwa sana.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni kioo. Kipande kizima unaona ng'ambo. Kikisagwa unapata unga mweupe usioonyesha kitu. Maada ni ile ile, mipaka ya hewa ndiyo imeongezeka. Hili la kioo msilifanye na watoto. Barafu inatosha: kipande kisicho na mapovu kinaonyesha, kikipondwa kinakuwa cheupe.

Nao wasisahau kundi la katikati. Watoto hupenda "inaonyesha" na "haionyeshi" pekee, halafu karatasi ya mafuta inakosa pa kukaa. Wao wenyewe wataomba kundi la tatu.

#12 Mwl_Zamu

Nimesoma kuanzia juu, shukrani kwenu. Naomba mnisaidie upande wa uendeshaji. Darasa langu ni kubwa, vifaa ni vichache. Na mitihani inauliza "taja sifa tatu za metali". Nifanyeje?

#13 Kalamu_Kavu

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja.

Kwa uchache wa vifaa, kamba mbili tu zinatosha. Zilaze sakafuni ziwe duara mbili zinazokatana, ule mtindo alioueneza John Venn mwaka 1880. Duara moja "inavutwa na sumaku", nyingine "inapitisha umeme". Kila mtoto alete kitu kimoja, akijaribu, akakiweke. Msumari utakaa kwenye makutano, waya wa shaba upande wa umeme tu, kifutio nje ya kamba zote. Kisha waulize: kwenye upande wa sumaku tu, pasipo umeme, mbona ni patupu? Usijibu. Kama kuna mtoto aliyeokota kipande cha spika iliyoharibika, ile sumaku nyeusi ya kauri itakwenda kukaa pale pale, kwa kuwa inavuta na kuvutwa lakini kitaa hakiwaki.

Nafasi tupu ni kitu cha thamani. Dmitri Mendeleev alipopanga elementi kwenye jedwali lake mwaka 1869 aliacha mapengo kwa makusudi, na kwa moja aliyoiweka chini ya alumini alitabiri hata uzito wake kwa ujazo, karibu gramu 5.9. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aliipata, akaiita galiamu, akapima akapata 4.7. Mendeleev akamwandikia apime tena kwa galiamu safi zaidi. Alipopima tena akapata 5.9. Na kwa kuwa tunapenda vigomvi: galiamu ni metali inayoyeyuka kwa nyuzi joto 29.8, yaani ndani ya kiganja.

Kwenye majaribio ya kulinganisha, mfano vitambaa vipi vinanywa maji, kitu kinachobadilika kiwe kimoja tu. Matone yawe idadi moja, kutoka kwenye kitoneshi kimoja, vipande vya ukubwa mmoja, muda mmoja. Wape watoto jaribio bovu kwa makusudi, kitambaa kikubwa dhidi ya kidogo, uone nani atapinga.

Kuhusu mtihani, wafundishe kuandika "metali nyingi hupitisha umeme", watapata alama zile zile. Ila kwa tathmini yako mwenyewe, wape kitu wasichokijua kikiwa ndani ya mfuko mweusi na waruhusu majaribio matatu tu. Utakachosahihisha ni uchaguzi wao wa majaribio. Anayeanza na jaribio linalogawa vitu nusu kwa nusu amekuelewa.

#14 Sina_Haraka

Nimesalimu amri kwa kiasi, si kwa yote. Bado nasema kanuni zije kwanza kwa wadogo kabisa.

Swali la kuagia. Gesi mmezikimbia. Hewa nayo ni maada, lakini mtoto haioni, haishiki, sumaku haiivuti, na kwenye mizani yake ya plastiki haina uzito. Atakubali vipi kwamba ipo kwenye kundi lolote?

#15 Mkemia_Mstaafu

Gilasi, karatasi na beseni la maji. Karatasi ikunje uipachike kwa nguvu kwenye kitako cha gilasi isidondoke. Pindua gilasi mdomo chini, ishushe wima moja kwa moja mpaka izame yote. Uliza karatasi imelowa au la. Itoe wima vile vile, mtoto aiguse: kavu. Kuna kitu kilikuwa kimekaa ndani na kimeyazuia maji yasipite.

Kisha rudia, safari hii ikiwa chini ya maji iinamishe polepole. Mapovu yanatoka kwa ubavu mmoja, maji yanapanda kwa ubavu mwingine, karatasi inalowa. Kilichokuwemo kimeondoka, na wamekiona kikiondoka. Mwenye puto na mizani yenye usikivu anaweza kuendelea na uzito, ila hapo matokeo ni madogo na yanasumbua. Lita moja ya hewa ina gramu 1.2 hivi. Mimi ningebaki na gilasi. Tumieni beseni linaloonyesha ndani, la sivyo walioko nyuma hawataona kitu.